Siku Msumari Alipoitwaa Tena Kona Yake

Benchi la kijiwe kile liliegemea ukuta wa kinyozi, ubao mmoja mrefu uliopigwa randa ukang'aa kama kipara. Sheria yake ilikuwa moja, haikuandikwa popote wala haikuwahi kuvunjwa: anayenyanyuka katikati ya ubishi kapoteza ubishi, na anayenyanyuka kwenye kona ya ukutani kapoteza kona. Na kona ile haikuwa kona ya mchezo. Kivuli kilifika pale kwanza, mgongo ulipata pa kuegemea, na kikombe kilijazwa kabla ya vingine vyote. Benchi alilichonga Msumari seremala, sheria akaitunga yeye, na kona akaikalia yeye, enzi zile alizokuwa akiketi tangu birika la kwanza la kahawa mpaka la mwisho bila kutikisika, kama jina lake. Kisha njia ya mkojo ikambana, na sheria yake mwenyewe ikamgeuka. Kila hoja yake iliponoga, kibofu kilimwita. Alizunguka nyuma kwa kinyozi, akasimama chooni kama mtu anayesubiri mgeni asiye na haraka, akapata matone, akarudi na kumkuta Diwani kwenye kona.

Diwani alikuwa shemeji yake, kamuolea dada, kwa hiyo utani ulikuwa halali na haukuwa na huruma. Udiwani wenyewe aliugombea mara moja akakosa, jina likabaki. Mwaka mzima aliikalia kona ile kama aliyepigiwa kura.

Siku Msumari alipotoka hospitali na kuruhusiwa tena kahawa, alipiga shati pasi akaja kijiweni akitembea kwa madaha, makusudi, ili waliokuwa mbali wapate muda wa kumwona.

— Karibu, marehemu, alisema Diwani bila kusogea. Tulikwisha kukulilia.

— Machozi yawekeni, shemeji. Mtayahitaji baadaye.

Akaketi upande wa pili. Kinyozi akauliza kama kweli kapasuliwa. Msumari akasema kapasuliwa barabara. Wakataka kuona mshono. Akasema mshono hakuna. Hapo benchi zima likacheka mpaka Mama Birika, muuza kahawa, akashika vikombe vyake visianguke.

Mwenzao waliyemwita Daktari ndiye aliyekunja uso. Udaktari wake ni wa kuuza sumu ya panya, na alijisifu kwamba hajawahi kupata mgonjwa wa kulalamika.

— Upasuaji usio na kidonda haupo, alisema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fungua shati.

— Hata nikifungua utaona tumbo tu, Daktari, nalo unalijua.

Basi Msumari akawaeleza, na hakuwahi kueleza kitu kwa raha namna ile. Mdomo wa kibofu chake ulikuwa umeota nyama ngumu, ukabaki tundu la kupitisha uzi. Wakampiga ganzi, miguu ikawa ya jirani. Wakapitisha kijibomba chembamba chenye kamera kupitia njia ileile ya mkojo, wakaikata ile nyama kwa mwanga wa leza, na yeye macho wazi anatazama kwenye televisheni. Akawekewa mpira wa kutolea mkojo kwa muda, ukatolewa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Aliongeza kwamba mganga mkuu alimpongeza kwa kuwa na kibofu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuona. Hilo mganga hakulisema, lakini Msumari aliona lilikuwa mdomoni.

Kinyozi akasema huo mwanga ni uzushi, walimjaza upepo kama tairi mpaka njia ikafunguka. Daktari akasema upepo hauna akili ya kukata kona. Wameingilia kitovuni, maana kitovu ndicho zipu aliyoiweka Mungu kwa ajili ya mafundi. Diwani akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kiongozi.

— Mnadanganywa. Wamekitoa kibofu cha shemeji wakampa kingine, cha kijana mcheza mpira. Na mwenyewe atakuja kukidai.

— Akija mwambie nakitumia, alisema Msumari. Asubuhi hii mke wangu kanipigia kelele kutoka jikoni: nani kaacha bomba wazi? Nikamjibu, ni mimi mume wako.

Mama Birika akageuza uso kuficha kicheko. Diwani hakucheka. Aliona kona inamlegea chini ya makalio.

— Maneno matupu hayavunji mfupa, alisema. Birika hili liko hapa. Tunywe lote. Ukinyanyuka kabla yangu, hii kona ni yangu mpaka nife, na hutaitaja tena.

Msumari akakubali. Hospitali walimwonya akisikia haja asiibane, na kuaibika mbele ya shemeji ni kuaibika mbele ya ukoo. Akashika kikombe cha kwanza kama mtu anayeshika waya wa umeme.

Wakanywa. Daktari, ili kuwatia moyo, akasema haba na haba hujaza kibaba. Wakaongezewa. Msumari akasubiri ile sindano aliyoizoea, ya chini ya kitovu, inayomfanya mtu asahau alichokuwa akisema. Haikuja. Akasubiri tena. Kahawa ilishuka ikatulia, kama mgeni mwenye adabu. Ndipo akainua macho kumtazama shemeji yake.

Diwani alikuwa kapandisha mguu juu ya mwenzake. Akabadilisha. Akaanza kusifia hali ya hewa, yeye ambaye hakuwahi kusifu kitu kisichokuwa chake. Kisigino kikawa kinagonga chini taratibu, na jasho likamtoka kivulini. Msumari hakuhitaji kamera wala televisheni. Ugonjwa ule aliujua kwa mwendo, kwa mkao na kwa ushairi.

— Mama, alisema polepole, muongezee shemeji. Mimina kutoka juu, tusikie inavyoshuka.

Mama Birika akamimina. Diwani akasema kakumbuka kaacha mlango wazi nyumbani, akanyanyuka, na badala ya kuelekea nyumbani akazunguka nyuma kwa kinyozi, hatua fupifupi.

Msumari akateleza juu ya ubao wake mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kona ilikuwa na joto. Akaegemea, akanyoosha miguu, akasikia kwamba hata ukuta umefurahi. Kinyozi akampa mkono. Daktari akampa mkono. Kikombe chake kikajazwa kabla ya vingine vyote.

Wakasubiri mshindwa arudi wamcheke. Hakurudi. Kahawa yake ikapoa.

Pembeni alisimama mteja mgeni, kaja kunyoa ndevu, begi mkononi.

— Samahani, wazee wangu, aliuliza. Yule mzee kaenda haja ndogo tu. Mbona anakawia hivyo?

Kinyozi akaanza kufuta mkasi ambao haukuwa na unywele. Daktari akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama. Mgeni akawatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama yeye.

Diwani akarudi hatimaye. Aliiona kona, hakubisha. Akaketi karibu na Msumari, karibu kuliko kawaida yake, akainamisha kichwa.

— Hawakati kabisa, shemeji? Kwa nje?

— Hata mkwaruzo.

— Na mtu anaanzia wapi?

— Anaanzia kwangu kesho asubuhi. Nitakupeleka mwenyewe, nikungojee mpaka utoke. Ila kona sirudishi.

— Nani kaitaja kona?

Daktari akakohoa. Akasema naye atafuatana nao, si kwa shida yoyote aliyonayo, bali safari kama hiyo inataka msimamizi wa kitaalamu. Kinyozi akasema basi naye kesho atachelewa kufungua duka.

Msumari akamnyooshea Mama Birika kikombe kitupu, akamwambia ajaze mpaka juu.