Daftari la Mboga Mlilolipasua

Sikilizeni, Joram na Daisy, na wewe Shamira usitoke, simama hapo mlangoni uwe shahidi, kwa maana hawa niliowazaa nimewajua wiki hii kuliko miaka yote niliyowalea. Sitaki machozi. Machozi yangefaa Jumanne, niliporudi kutoka hospitali nikaingia chumba hiki cha Al Wukair, nikakuta daftari langu limepasuliwa katikati, nusu ndani ya begi la Joram, nusu chini ya godoro la Daisy. Mmenirithi nami bado napumua!

Tangu mwaka 2001 nimepika katika nyumba za watu hapa Doha, na vitabu vilivyonifunza mboga ni vitatu tu. Cha kwanza ni kile cha Kiingereza chenye jalada la kijani, alichonipa madamu niliyempikia. Kizuri kwa supu, ila aliyekiandika anadhani kila jiko lina bustani nyuma yake. Cha pili ni cha Kiarabu, na ninyi mlinicheka mbele ya wageni kwamba baba anasoma picha. Naam, nilisoma picha, na pembeni nikaandika kwa penseli jinsi mkono wangu ulivyofanya, na wageni hao hao wakaramba sahani. Cha tatu ni daftari hilo, nililolishona mwenyewe na kuliandika mwezi kwa mwezi, kuanzia Oktoba msimu unapofunguka hadi Septemba, kwa miaka kumi na minne, kila Ijumaa nilipotumwa shamba la Umm Salal kuchukua mboga. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote, na ninyi mlilijua.

Ujinga wenu ungenichekesha kama mbavu zisingeniuma. Joram, umechukua Mei hadi Septemba, ukidhani Mei ni mvua na sukuma wiki kama kwetu Kitale, mkeo apate kufungua hoteli. Mwanangu, Mei ya Doha ni moto! Miezi hiyo sikuandika ila achari ya limau na namna ya kuloweka ndengu, kwa kuwa shambani hapakubaki jani. Daisy naye anayo Oktoba hadi Aprili, nyanya, biringanya, mchicha, neema yote; lakini vipimo vya chumvi na viungo niliviandika ukurasa wa mwisho kabisa, na ukurasa huo anao Joram, kwa hiyo, Daisy, huyo mpishi mkuu wa kazini kwako, uliyemdanganya kwamba daftari ni lako, atakula chumvi mpaka akufukuze. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Basi nasema mbele ya Mungu, vitabu vyote vitatu ni vya Shamira. Si damu yangu, kwao ni Masaka, lakini miaka sita alisimama nami jikoni, na hajawahi kuniletea biringanya lililopauka ganda. Ninyi niliwaita shambani mara ngapi? Joram ulisema jua kali. Daisy ulisema kucha zitavunjika. Kikulacho ki nguoni mwako, nami leo nimekung'uta nguo.

Visu vyangu gawaneni, vinawafaa. Mnizike kwetu, na matangani msichemshe kabichi mpaka iwe uji, mkasema ndivyo alivyopika baba.

Sasa leteni sindano na uzi, mliunganishe daftari. Daisy ashike, Joram ashone, hapa hapa nikiona... Polepole wewe, unachana karatasi. Hivyo. Siku zote nilitaka mkae pamoja hivi juu ya daftari hilo, na mmekaa leo kwa aibu... Inaniuma. Nawachukia kwa hilo, na ni wanangu.

Maji... Yatosha. Mpeni Shamira daftari, kwa mikono miwili. Usiniambie "Mzee siwezi", binti yangu. Pokea.

Njooni karibu ninyi wawili. Baraka ya baba... sitawanyima. Mungu awape uzima. Awape watoto... watakaongoja... mfe kwanza.