Aliyehesabu Watoto wa Chikalole

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Bi. Ziada Uwesu, mtunza kumbukumbu wa wodi ya wazazi katika kituo chetu cha afya, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Sisi tumezoea kumwita Mama Anjelina.

Alianza na rejista za karatasi. Kompyuta ilipofika, wiki nzima aliweka rula kwenye kioo chake asije akapotea mstari. Trevor wa TEHAMA alicheka sana, kisha akamfundisha kuhesabu kwa masharti zaidi ya moja: mstari unahesabiwa pale tu unapotimiza yote kwa pamoja. Mara ya kwanza jibu lilikuja pungufu mno. Wauguzi tulikuwa tumeandika Chikalole, Chikarole na Cikalole, na kwa kompyuta hivyo ni vijiji vitatu. Alituzungukia wodini na kalamu nyekundu.

Mwaka 2019 alihesabu watoto waliofariki wakati wa kuzaliwa katika miaka sita. Walikuwa arobaini na mmoja. Akaongeza sharti: mama awe ametoka Chikalole, kule bondeni. Akaongeza jingine: iwe miezi ya masika, njia ya kupanda huku juu inapoteleza na bodaboda zinashindwa. Walibaki ishirini na watatu.

Mganga mfawidhi, Dkt. Jonathan, alishika kichwa. "Mama Anjelina, mbona hatukuliona hili miaka yote?"

"Mlikuwa mnaniomba jumla tu, daktari."

Ikaamuliwa ijengwe nyumba ya kungojea, ili wajawazito wa bondeni wapande mapema na kukaa hapa. Kuta zilifika kwenye linta, mabati yakachelewa, masika yakaingia. Anjelina, bintiye wa pekee, ameolewa Chikalole, na wakati huo alikuwa mjamzito. Mama alimpigia simu aje akae kwake. Binti akaomba kwanza amalize palizi. Uchungu ukamkuta huko huko, majirani wakampandisha kwa machela kwenye matope. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake asubuhi Mama Anjelina alikuja kazini. Alikaa mezani, akafungua jedwali. Muuguzi Loyce alitaka kumwandikia.

"Niache, mwanangu. Utakosea herufi."

Akaandika mwenyewe kijiji, mwezi na yaliyotokea. Wakawa ishirini na wanne.

Nyumba ilifunguliwa miezi minne baadaye. Masika ya mwaka huu Chikalole imepoteza mtoto mmoja. Kikaoni tulipiga makofi, yeye hakupiga. Aliuliza jina la mama wa mtoto huyo, akashuka kwa miguu kwenda kumpa pole.

Sasa anahamia huko huko bondeni, akae na Anjelina, ambaye hajajaliwa mtoto mwingine. Mama Anjelina, asante kwa kutuonyesha tulichokuwa tukikipita kila siku. Tunakuombea afya, na nyumba yenu irudiwe na furaha.