Fimbo ya Zamu: Maisha ya Rozalia Ngendakumana wa Simbo, 1963–2025

Mniwie radhi, nitasoma nimesimama. Kiti nimewekewa, lakini mtu ninayemsomea hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Mimi ni Selestini, mdogo wake wa tumbo moja.

Marehemu Rozalia Ngendakumana alizaliwa hapa Simbo tarehe 14 Agosti 1963, mtoto wa tatu wa Mzee Leonardi Ngendakumana na Mama Concilie, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikimbia kabla ya kutembea, na mbio zenyewe zilielekea chemchemi ya Nyamazi, juu ya shamba letu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1978, akaendelea na sekondari Kigoma mjini, kisha akahitimu cheti cha misitu Olmotonyi, Arusha, mwaka 1986. Baba alitaka awe muuguzi. Alipomwona amerudi na buti na panga, aliguna tu akampisha.

Mwaka 1987 aliajiriwa kuwa bibi misitu, akafanya kazi Kasulu, Uvinza na Kigoma. Miti, vyanzo vya maji, nyani wanaovamia mahindi ya watu, vyote vilimkosesha usingizi. Mwaka 2008 alipelekwa India, jimbo la Odisha, kujifunza jinsi wanavijiji wa huko wanavyotunza wenyewe maji, misitu na wanyama wao. Alikuta wanawake wanalinda msitu kwa fimbo. Aliyemaliza zamu huiegemeza mlangoni kwa jirani, na jirani akiikuta anajua kesho ni yeye. Dada alirudi hatulii. Aliitisha kikao kimoja hapa Simbo cha kulinda miti ya Nyamazi kwa zamu, akachonga fimbo, akaiegemeza mlangoni kwa jirani yetu Mama Wema, ambaye kikaoni hakufika.

Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa nje.

"Yebaba we! Nimetegewa!" Mama Wema alilia. "Nani ananiroga, nimemkosea nini?"

Hakuna aliyethubutu kuigusa ile fimbo. Katekista aliitwa na maji ya baraka. Dada alifika anahema, akaishika kwa mikono miwili watu wote wakiona.

"Mama Wema, huu si uchawi. Ni zamu!"

"Zamu gani inakuja bila hodi?"

Hapo dada yangu, na cheti chake, alirudi nyuma na fimbo yake akapiga hodi. Tangu siku hiyo fimbo ilipelekwa kwa mkono na kwa hodi. Anayepokea huuliza, "Maji yameshindaje?" Anayekabidhi hujibu, "Yanakwenda." Na kweli yalikwenda, masika na kiangazi, na Mama Wema akawa mlinzi mkali kuliko wote.

Nyuma ya hayo, tarehe 8 Julai 1989, dada alifunga ndoa na Castory Niyibizi, fundi wa mitumbwi wa Ujiji. Shemeji hutania kwamba kila ubao ulioingia karakana yake uliulizwa na mkewe umetoka msitu gani. Waliishi kwa kupendana na kubishana.

Figo zilianza kumsumbua dada mwishoni mwa mwaka 2023, alipokuwa amestaafu tu. Siku aliyolazwa, fimbo ilikuwa nyumbani kwake hapa Simbo, na hapo ikakwama. Hakuna aliyekuja kuichukua. Nasema wazi kwa sababu nina uchungu: miti ya juu ya Nyamazi inageuka mkaa, na baadhi ya wachomaji nawaona hapa mmevaa vizuri. Juma lake la mwisho nilikwenda kumwona hospitali. Hata salamu hakuitikia, akaniuliza kwanza:

"Maji yameshindaje?"

Sikuweza kumdanganya. "Dada, yanadondoka."

"Fimbo iko wapi?"

"Mlangoni kwako."

Alinitazama. "Na wewe Selestini umekuja huku kufanya nini? Rudi!"

Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, Lyse na Tuyizere, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na chemchemi inayodondoka. Wapo waliopendekeza azikwe na fimbo yake. Nimekataa, na ndiyo hii mkononi mwangu. Kesho zamu ni yangu. Jioni nitapiga hodi kwa mmoja wenu, na leo sitasema ni kwa nani.

Rozalia amehangaika vya kutosha. Apumzike kwa amani. Sisi bado.