Mama Chujio na Seli Zilizobaki Juu ya Wavu

Tarehe 30 Juni Mama Chujio anavua koti jeupe, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya seli za kinga. Wanaonong'ona kwamba chumba cha darubini sasa kitapumua wanong'one taratibu. Bado yupo, na masikio anayo.

Aliajiriwa kuosha vyombo na kuandaa sampuli. Akasoma huku anafanya kazi, akawa fundi sanifu, kisha bingwa wetu wa kupiga filamu za seli hai. Kwa wageni mlioalikwa: kazi yetu ni kutazama virusi vya UKIMWI vinazifanyia nini seli za kinga. Seli yenye afya haitulii, inazunguka ndani ya tezi ikipekua kila kona kama askari wa zamu. Tulitaka kujua ikishaambukizwa inatembeaje.

Chumba cha darubini alikitawala. Viatu mlangoni, simu zimezimwa, na anayebamiza mlango shauri yake. Mkurugenzi mmoja aliingia na wageni wake, viatu vinalia ko-ko-ko, picha ikatikisika. Aliombwa kwa heshima zote atoke, na akatoka. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea mto wa kiti anachokalia saa nzima mbele ya darubini. Alidai heri akae huko huko, maana amechoka kuambiwa nyumbani kwamba anapita haraka mno mbele ya macho ya mkewe, yaliyozoea mwendo wa seli.

Jina lake lilitokana na chujio. Kila sampuli ilipitishwa kwenye wavu laini kabla ya kupigwa picha, ili mabonge ya seli yasituharibie filamu. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe na kuisimamia kufa na kupona. Ukiiruka, utamtambua.

Mwaka mmoja ripoti yetu kubwa ilikuwa tayari, imebaki kutumwa tu. Ilisema seli zilizoambukizwa hupunguza mwendo, basi. Nafasi ya msimamizi wa maabara nayo ilikuwa wazi, kila mtu alijua ni yake, na ripoti ile ndiyo iliyokuwa imbebe. Siku hiyo chujio likaziba katikati ya kazi. Badala ya kulisuuza, akayaweka mabaki chini ya darubini, kwa udadisi tu.

Jamani! Hayakuwa mabonge. Seli iliyoambukizwa ilijishikiza kwa jirani yake, tando zao zikaungana, ikabaki seli moja kubwa yenye viini viwili. Nyingine zilikuwa na vitatu. Na bado zilijikokota mbele, zimebeba virusi. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunazimwaga.

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Lakini Jumatatu alisimama kikaoni akasema sheria yake ndiyo iliyotuficha ukweli, na kwamba ripoti isitumwe. Mkuu wa utafiti alimuuliza kama anajua jambo hilo litamgharimu nini yeye mwenyewe. Akajibu kwamba anajua vizuri sana, ndiyo maana usingizi umemkimbia. Kazi ikaanza upya, na wapo waliomnunia wiki nzima.

Ripoti ya pili ilieleza yote mawili: seli zilizoambukizwa hutembea polepole, na baadhi huungana na wenzao na kuendelea na safari. Vijana wetu leo wanaanzia hapo kama jambo la kawaida. Ila ilichelewa, na nafasi ilikuwa imeshapata mtu.

Mtu huyo ni mimi ninayeandika haya. Alikuwa wa kwanza kunipa mkono, na kesho yake asubuhi alikuja kunielekeza kazi ambayo ilistahili kuwa yake. Juzi nilimuuliza kama anajuta. Alicheka, akaniambia nisimpambe bure: cheo alikitaka, tena sana, na kukikosa kulimuuma. Lakini asingeweza kuwafundisha vijana kumwaga kile walichoajiriwa kukitazama.

Dada yetu, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda kapumzike, amka saa utakayo, na afya njema ikufuate wewe na fundi wako. Nami naona fahari, na haya kidogo, kutia sahihi hapa chini kwa cheo ulichokiacha kipite ili ukweli usipite.

Msimamizi wa Maabara