Sketi ya Kwendea Visiwani

Benchi ni langu, lieleweke hivyo mapema. Niligongelea misumari mwenyewe, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa njia ya kwenda Kitete hapa Tabora, ili mteja akae wakati namshonea kiatu. Tangu Zamda alete birika lake la kahawa hapa pembeni, mteja anasimama, na wanaokaa ni wasio na hata kandambili ya kutengeneza. Yupo Idrisa, tunamwita Karavani, maana babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Kwihara mpaka pwani na hakuna habari duniani asiyoirudisha kwenye mzigo ule. Yupo Raymundi wa Breki, mstaafu wa reli. Yupo Kasimiri wa bodaboda, ambaye abiria wake humkuta hapa zaidi kuliko barabarani. Na yupo Adinani, fundi cherehani, jina lake la kijiweni Pindo. Siku hiyo Pindo alikuja amenuna mpaka Zamda akammiminia kahawa bila kumuuliza.

Alichonunia ni Najiat, binti yake. Najiat yuko Mwanza, kazi yake kuongoza wageni ziwani. Wanapanda kayaki, vile vimitumbwi vyembamba vya plastiki, kila mtu na kasia lake lenye bapa huku na huku. Asubuhi wanaondoka ufukweni, mchana wanakula kwenye visiwa vya mbali ambako wenyeji ni ndege, jioni wanarudi. Adinani hakuitaka kazi hiyo tangu mwanzo. Alitaka binti abaki dukani kwake, kwenye cherehani ya pili, ile ambayo mpaka leo imefunikwa kitambaa. Waliagana vibaya stendi, na toka siku hiyo simu zao ni shikamoo, marahaba, basi. Sasa jana baada ya magharibi Najiat akapiga. Akasema Jumamosi anapeleka wageni visiwani, na amemwekea baba yake nafasi, anataka aje aione kazi yake. Ila ajibiwe leo kabla ya adhuhuri, la sivyo bosi atampa nafasi mtu mwingine.

— Sasa tatizo liko wapi? nikamuuliza.

— Aliniambia vya kuvaa.

— Vipi?

— Koti la kuelea. Kofia. Na sketi.

Hata Zamda aliacha kumimina.

— Sketi, akarudia Adinani. Nikakata simu.

Akasema ameshona sketi za nusu ya mji huu, za harusi na za shule, na hajawahi kujiwekea hata moja kiunoni kwa kuipimia. Leo aitwe Mwanza akavalishwe mbele ya wageni, na mwanawe wa kumzaa? Nikajua kijiwe hakitaacha jambo kama hilo lipite hivi hivi, na kweli hakikuacha.

Idrisa ndiye aliyeanza. Akasema tusimcheke mtu, hiyo ni heshima. Kwenye misafara ya zamani aliyetangulia alikuwa kirangozi, na kirangozi alijifunga kitambaa chekundu na kuvaa manyoya kichwani ili wapagazi wote wamwone kwa mbali. Kwa hiyo sketi ni vazi la kirangozi. Najiat anataka baba yake atangulie mbele ya wageni wote, waingie visiwani nyuma yake.

Raymundi akamwambia heshima ya kutangulia aiache huko huko Kwihara. Yeye kwenye reli amewaona wanaotangulia, wale wa kitoroli cha kukagua njia, ndio wanaokutana na ng'ombe kwanza. Na ziwani hakuna ng'ombe, kuna mamba. Kwa maoni yake sketi ni kifaa. Alishawaona kina mama wakiingia bwawani Igombe, sketi inajaa hewa, inapanda juu kama boya. Basi ukianguka, koti la kuelea likishindwa, sketi inakushika. Ni breki ya dharura.

— Mzee, umeingizwa mjini, akasema Kasimiri. Hao wanashuti video. Fundi wa Tabora na sketi juu ya maji, utatrendi. Mji mzima utakuwa umeiona miguu yako hata basi la kurudi hujapanda.

Hilo lilimwingia Adinani. Nilimwona anavuta suruali yake ishuke kwenye vifundo. Idrisa naye, asikubali kushindwa, akatoa jipya: kwamba mamba wa ziwa lile hawamgusi mwanamke, ndiyo maana wanaume huvalishwa sketi. Raymundi akamuuliza mamba atamjuaje mtu kwa nguo akiwa chini ya maji. Idrisa akajibu kwamba mamba anatazama kwa chini, na kwa chini ndiko sketi inakoonekana. Wakabishana hapo mpaka sahani ya kashata ikawa tupu.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilimfahamu Najiat akiwa mdogo, akija kuniomba vipande vya ngozi achezee. Na hapa wazee wazima wanamtenganisha mtu na mtoto wake huku wanalamba vidole. Kasimiri alikwisha kumshauri Adinani amwandikie binti kwamba mgongo unauma, tena akajitolea kumwandikia yeye. Adinani akamkabidhi simu. Upande wa msikitini watu walianza kwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri.

Mbele yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa Usoke, Gaudensia, mkulima wa tumbaku, amekuja mjini kwa shughuli zake na soli ikamwachia njiani. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu benchi limejaa. Alikwisha kuwaamkia wakati anafika, wakaitikia bila kumtazama.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Hiyo sketi inavaliwa na mtu au na mtumbwi?

Raymundi akatazama kikombe chake. Kasimiri akaacha kuandika.

— Nauliza tu, akasema. Sisi marobota ya tumbaku tunayavalisha magunia kila msimu. Sijaona robota limeona haya.

Adinani akaichukua simu mikononi mwa Kasimiri, akapiga, na kwa kuwa haoni vizuri alibonyeza kitufe cha spika, tukasikia wote.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Hiyo sketi, anavaa mtu au mtumbwi?

Nadhani hapo ndipo Najiat alipoelewa kwa nini jana simu ilikatika.

— Wote wawili, baba. Wewe unaivaa kiunoni, halafu pindo lake unalibana kwenye ule mdomo wa kayaki, pale unapokaa. Wimbi likipiga, maji hayaingii ndani. Hata wanaume wote wanavaa.

Aliposema pindo, Kasimiri alitaka kucheka. Nikamtazama, akaacha.

— Pindo linabanwa na nini?

— Lastiki. Kama ya sketi za shule, ila nene. Hapa tuna za saizi moja tu, zinabana sana watu wazima. Yako nimeishona mwenyewe, kuna mama jirani aliniazima cherehani. Nimeipiga mshono mara mbili, ule uliokuwa unanifumulisha nikikosea.

Adinani akageukia ukutani. Sisi tukawa tunatazama barabara.

— Kiuno umekipima wapi?

— Sijapima. Nimekata kwa kukukumbuka.

Pale dukani kwake, kukata bila kupima ndilo kosa kubwa kuliko yote. Wanafunzi amewafukuza kwa hilo. Tukangoja afoke.

— Nimepungua, akasema, tena taratibu. Tangu uondoke nimepungua, Najiat. Itanipwaya.

— Basi nitaipunguza, baba.

— Utaipunguzaje na mimi niko Tabora? Nguo lazima mwenyewe aijaribu.

Upande wa pili tukasikia mtu anavuta kamasi. Adinani naye akasema haya, haya, Ijumaa nitakuwa kwenye basi, akakata simu kabla hatujamwona uso. Akamwambia Kasimiri awashe pikipiki, wanakwenda kukata tiketi. Kisha akanirudia mimi, mkono ameunyoosha.

— Nipe ule uzi wako wa viatu, wa nta. Hawa watoto watakuwa wametumia uzi wa nguo, na uzi wa nguo haufai majini.

Nikampa kibunda kizima. Akakitia mfukoni, akapanda nyuma ya Kasimiri, na kahawa yake ikabaki pale imejaa.

Idrisa akamwita Zamda amwongeze, maana alikuwa na swali kuhusu nani hasa atatangulia, baba au mtoto. Zamda akalitikisa birika, halikulia kitu. Idrisa na Raymundi wakainuka kwenda zao. Nikamwambia Gaudensia akae anipe kile kiatu.