Kiti cha Nyuma Kilikuwa cha Fahd

Bismillahi. Sogeeni wanangu, na wewe Fahd usisimame hapo mlangoni na viatu mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba. Bwana Saeed, jirani yangu, andika, na nikienda mbio unizuie, maana leo nna furaha, na daktari kanikataza furaha.

Ya mirathi hayana maneno mengi. Nyumba hii ya hapa Hail na vilivyomo, hisa zenu Mwenyezi Mungu keshazigawa, siongezi wala sipunguzi. Vitabu vyangu vya kusomeshea, mkiridhia nyote, vimwendee Shahad, naye ni mwalimu. Kilichobaki ni nani atakuwa wasii wangu, asimamie yote haya nikishafumba macho, na kabla sijamtaja nataka kuisema ile ndege.

Cheka, Shahad. Naam, ndege ile ile. Mnakumbuka tukiisikia kabla hatujaiona, inavuma kama mashine ya kufagilia zulia, imetoka huko baharini kwenye manowari ya Wamarekani inayobeba ndege? Mbio tukipanda darini, mie mtu mzima, kanzu nimeikunja mkononi. Jeti fupi, nene, mabawa yake yanakunjika ili ienee kwenye manowari, na mkiani inachomoza fimbo ndefu ya kuhisi chuma kilichojificha chini ya maji. Kazi yake kuwinda nyambizi. Na kwa macho haioni kitu, hilo ndilo lililonitia wazimu. Inadondosha maboya, maboya yanasikiliza, na ndani wamo watu wanne, kila mmoja ana kipande chake cha habari, mpaka wakiviunganisha wanajua adui yuko wapi. Watu wanne, na mie nna watoto wanne. Ningefanya nini?

Nikapanga viti vinne uani. Muatasim rubani, Shahad ubavuni mwake, Bashayer nyuma na ramani, na Fahd, miaka saba, kiti cha nyuma upande wa pili, mpira wa maji sikioni, ncha ya chini nimeichomeka faneli, anaiburura sakafuni anasikiliza. Watoto wa mtaa wakipanga foleni kutazama. Raha iliyoje, wanangu, hata sasa moyo unanienda mbio.

Ijumaa moja Fahd akasema, "Baba, huku chini ya jiko kunanguruma." Nikamwambia asikilize tena. Akasikiliza, akasema vile vile. Mie niliyekuwa nawaambia walimu wenzangu kwamba mtoto hakatizwi, nikamwambia mbele ya watoto wote, "Chini hamna kitu, wewe muongo," nikamwondoa kitini. Baada ya wiki mbili sakafu ya jiko ikatitia, mama yenu Hajar akaanguka nayo, akachechemea mpaka tulipomzika. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yanakula mchanga siku nyingi.

Na haya hamyajui. Watu walipokuja kumtazama Hajar niliwaambia kuwa mie mwenyewe nilikuwa nimeshalishuku bomba lile. Fahd alikuwa hapo ameshika sinia la kahawa. Akanitazama, akaendelea kuwapitishia wageni kahawa. Nanyi mkaendelea kumwita Fahd Muongo, kwa mzaha, miaka na miaka, hata kwenye harusi ya Bashayer, mbele ya wakwe, na mie nikacheka pamoja nanyi. Akatoka usiku ule akahamia Salala, kusini huko mbali, na tangu hapo hakutia mguu humu ila siku ya maziko ya mama yenu.

Leo kaja. Niliposikia sauti yake ukumbini nilitaka kuruka kitandani, nanyi mkanishika.

Fahd, muongo nilikuwa mie. Nnakutaka radhi mbele ya nduguzo na shahidi.

Unasema nini? Sema kwa sauti. Ati, "Baba, siku nyingine nilikuwa nikikudanganya kweli"? Hayo nayajua, mwanangu, ile samli uliila wewe, si paka. Lakini bomba lilinguruma.

Muatasim, usinune. Najua mkubwa ndiye hutazamiwa, na huna kosa. Lakini wasii hawi ila mtu mkweli, mwaminifu, na mie nataka neno hilo liwemo kwenye karatasi, lisomwe kila mahali itakapopelekwa. Andika, Bwana Saeed. Wasii wangu ni Fahd bin Safwan...

Nipe maji. Kidogo tu, yatosha.

Fahd, unakubali? Usinijibu kwa kichwa, Bwana Saeed haandiki vichwa.

Alhamdulillahi.

Mnizike mapema. Msingoje wa mbali. Fahd aniingize kaburini, Muatasim anishike miguu. Nimewaridhia... nyote wanne. Mungu awahifadhi, nyinyi na vizazi vyenu. Bwana Saeed, umefika wapi? Fahd bin Safwan... ongeza hapo... mtoto wangu mkweli. Sasa soma. Soma kwa sauti, asikie.