Betri Zilizochoka za Fundi Mkwaruzo

Ndugu waombolezaji, asiyetaka kuamini nitakayosoma ahamie viti vya nyuma mapema, kwa maana marehemu mjomba wangu, mliyemwita Fundi Mkwaruzo, alitumia miaka sita kuiharibu sauti nzuri kwa makusudi, akafaulu, na bega kwa bega naye nilikuwa mimi, mpwa wake, niliyeacha shule kidato cha pili na bado familia imenipa karatasi hii, wenye digrii mtanisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982 na chuo cha ufundi redio Novemba 1986, ambako yeye na rafiki yake, aliyekuja kuwa mpiga besi wa bendi yao, waligawana daftari moja na sabuni moja. Mwaka uliofuata alifungua kibanda chake cha kutengeneza redio, na tarehe 6 Juni 1992 akafunga ndoa, msimamizi wake akiwa mpiga besi huyo huyo, akajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2010 alisikia kanda ya magita yenye sauti chafu, mbichi, iliyopasuka, akaapa kuipata kwa gita lake mwenyewe. Alichana spika kwa wembe, akapandisha amplifaya mpaka ikanuka kuungua, akaunda kutokana na redio mbovu kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu ili sauti ya gita ikwaruze, mkewe akasema wanaume wenzake huleta kuku nyumbani, yeye analeta ugomvi wa kuku na bati. Sauti ilikaribia, haikufika, hadi tarehe 2 Februari 2016, aliposahau kuzima kile kijisanduku siku nzima, betri ikachoka, na gita likalia kama mtu aliyelia mpaka koo likamkauka. Siri ilikuwa betri inayokaribia kufa, na tangu hapo alizitunza betri za namna hiyo kwenye kopo la biskuti, akizionja kwa ncha ya ulimi, inayochachua bila kuuma ndiyo yenyewe, na waliojua tulikuwa watatu, yeye, mpiga besi na mimi.

Tarehe 11 Oktoba 2016, wiki moja kabla bendi yao haijarekodi, redio ikapiga wimbo wa kundi pinzani wenye sauti ile ile. Marehemu alikwenda hadi mlangoni kwa mpiga besi, akamwambia, "Tumekula sahani moja, leo umeitemea." Hakushika gita tena.

Januari 2024 figo zilianza kushindwa, mpiga besi akaja wodini na chupa ya chai, akarudishwa mlangoni, na tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, marehemu akafariki. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia kelele, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo.

Kuna sehemu nimeiruka. Septemba ile ya 2016, mwezi mmoja kabla ya wimbo ule redioni, kwa kinyozi, mpiga gita wa kundi pinzani alinicheka kuwa mimi ni mbeba nyaya tu, nikataka kumkomesha, nikatoa betri mfukoni, nikamlambisha, nikamweleza yote. Mjomba amekufa akimchukia mtu asiye na kosa, na mkono aliokuwa ameushika akikata roho ni huu wangu, wa aliyeitoa siri. Mpiga besi, mzee wangu, uliyesimama pale mlangoni, kiti changu cha mbele ni chako, mimi nakuja kusimama hapo.

Mjomba, pumzika kwa amani, ukiweza.